Unga Ulionuka Samaki

Shambani, tarehe 4 Agosti

Kitindamimba wangu,

Pokea salamu za dada yako, ambaye leo ana mgongo unaouma na moyo unaocheza ngoma. Tumemaliza kuvuna! Ngano yote iko ghalani, na magunia yako ndiyo ya kwanza kuondoka. Dereva wa lori atakuletea pamoja na barua hii. Ukitaka kunijibu mpe yeye, maana simu huku imebaki kuwa tochi tu. Mpaka nipande kile kilima kutafuta mtandao, nimeshasahau nilichotaka kusema.

Magunia niliyokutumia yote ni ya shamba la juu. Nimekuchagulia makusudi, kwa sababu mwaka huu shamba la juu limenitoa kimasomaso. Ile mbegu niliyopewa bure na jirani yetu wa mtoni imefanya maajabu. Masuke ya shamba la chini yaliinamisha vichwa kama watoto wanaokemewa, lakini ya juu yalisimama wima mpaka siku ya mwisho, kidete! Nilimwambia shemeji yako, "Unaiona ngano hiyo? Hiyo haiogopi mtu."

Siku ya kupura ndiyo ilikuwa kichekesho. Lilitimka vumbi jeusi, jeusi kabisa, sijui lilitoka wapi. Watu wote walitoka pale na nyuso kama masizi ya jikoni. Nilimshika mkono mwanamume mmoja nikamwambia twende ukale, kumbe si mume wangu! Shemeji yako alicheka mpaka akakaa chini, na unajua yule si mtu wa kucheka ovyo.

Dereva naye kapata nguvu sijui wapi. Alibeba magunia mawili kwa mpigo, moja kila bega, akapanda nayo lorini anaimba.

Oka mikate mizuri, mdogo wangu. Wape watoto wa chekechea mkate mnene. Wakiuliza ngano hii imetoka wapi, usione haya kunisifu.

Dada yako.


Dukani, tarehe 13 Agosti

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Ngano imefika salama, na ninakushukuru kuliko kalamu inavyoweza kuandika. Nimesaga gunia la kwanza siku ileile. Unga umetoka na rangi ya kijivu kidogo, nadhani ni moshi wa tanuri, lakini hilo si tatizo.

Tatizo ni jirani.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke mmoja akaweka meza ya samaki upande wa pili wa ukuta wangu, pale pale ninapohifadhi unga. Mwanzoni nilinyamaza. Mimi ni mtu wa amani, unanijua. Lakini dada, tangu nianze kuoka kwa unga wako mpya, mikate yangu inanuka samaki! Si harufu ya mbali. Ukiupasua mkate ukiwa wa moto, unaweza kuapa kuna samaki amelala humo ndani, tena ana siku nyingi tangu afe. Na hauumuki kama zamani. Nimebadilisha hamira, nimepiga deki, nimehamisha magunia, wapi! Wateja wananusa wanarudisha. Fundi baiskeli wa mtaa wa pili, mteja wangu wa miaka, aliniuliza mbele ya watu, "Mwoka mikate, huu unaliwa na ndimu?"

Juzi mwalimu wa chekechea amenirudishia kikapu kizima. Watoto wamekataa kula. Mmoja alimwuliza, "Mwalimu, mkate una mifupa?" Mwalimu ni mstaarabu, lakini amesema akipokea kikapu kingine namna hiyo atatafuta mwoka mwingine. Dada, nikipoteza chekechea, duka hili nitalifunga.

Nimeongea na huyo muuza samaki. Kwa upole kabisa, kama ulivyonilea. Aliniangalia kutoka utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, akaendelea kuparua samaki wake.

Sijui nifanye nini. Niombee.

Mdogo wako,
mwoka mikate.


Shambani, tarehe 17 Agosti

Kwako muuza samaki uliye ukutani mwa ndugu yangu,

Hatujuani, na kwa haya ninayoyaandika huenda hutapenda tujuane.

Mimi ni dada wa yule mwoka mikate. Mama yetu alipofariki, yeye alikuwa bado anajikwaa kwenye kizingiti, na nimemlea kwa mikono hii miwili. Ni mpole, ni mchapa kazi, na hana maneno. Amekuja kwako kwa heshima kukueleza kwamba samaki wako wanamharibia unga, nawe ukamwonyesha kiburi.

Unga huo ni jasho langu. Nimelima, nimepanda, nimepalilia, nimevuna ngano ambayo haijapata kutokea katika shamba hili, halafu itupwe kwa sababu ya meza yako? Mji mzima huo umekosa pa kuuzia samaki ila kwenye ukuta wa ndugu yangu?

Nakuomba uhame. Ukikataa nitapanda lori nije mwenyewe, na mimi, mama, si mpole kama yeye.

Dada wa mwoka mikate.


Sokoni, tarehe 24 Agosti

Dada wa mwoka mikate,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama tuko sawa, hujambo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikasirika. Ya pili nikacheka, hasa pale uliposema ndugu yako hana maneno. Ngoja nikupe picha kamili, maana naona umepewa nusu.

Ndugu yako hakuja kwangu kwa upole. Alipanda juu ya kreti ya soda akahutubia mtaa mzima. Kesho yake akatundika boksi mlangoni lililoandikwa kwa makaa: HARUFU SI YETU, NI YA JIRANI. Halafu akaenda kwa msimamizi wa soko akalalamika mpaka wakanihamisha. Sasa niko mwisho kabisa wa soko, karibu na bomba la maji. Kwa hiyo umeniomba nihame wakati nimeshahama. Meza yangu niliibeba mwenyewe kichwani, na yeye alikuwa mlangoni anafuta mikono kwenye aproni, anaangalia pembeni.

Sasa hapa ndipo nataka utulie unisikilize.

Toka nihame, sijausogelea ukuta ule hata kwa bahati mbaya. Na mkate wa ndugu yako unanuka vilevile. Najua kwa sababu jana niliununua. Nilimtuma mtu, maana mimi nisingeuziwa. Nikaupasua, nikaunusa, nikasikitika.

Dada, mimi nimezaliwa kwenye samaki. Samaki wangu ni wa asubuhi ileile. Ukimweka puani unasikia maji tu. Harufu iliyo kwenye mkate ule ni ya samaki aliyeoza, na samaki aliyeoza mimi simuuzi. Ningemuuza, wa kwanza kunifukuza hapa wangekuwa paka.

Harufu haikuingia kwenye unga kutoka ukutani kwangu. Ilikuja nao. Nakuomba jambo moja dogo: nenda kwenye ghala lako, chota ngano hiyo kwa viganja viwili, isugue, uinuse. Kama hainuki, njoo na hilo lori lako, nitakusubiri hapa bombani na samaki wa kukaanga.

Muuza samaki.


Shambani, tarehe 27 Agosti

Mdogo wangu,

Kaa chini kabla hujasoma.

Nimepata barua ya muuza samaki. Nilitaka kuichana. Nikaenda ghalani ili nimjibu vizuri, nikachota ngano ya shamba la juu kwa viganja viwili, nikaisugua, nikanusa.

Samaki!

Ile harufu ilikuwepo ghalani siku zote, na mimi nilidhani ni panya amefia chini ya mbao. Huku tuliko samaki tunamwona akiwa mkavu kama ubao, nitajuaje aliyeoza ananukaje? Nikamwita shemeji yako. Akanusa, akanitazama, akasema neno moja tu: "Ndiyo."

Tukamtuma mtu amlete bibi shamba. Alichukua punje chache akazibana kwa kucha. Zikapasuka kama vipele, na ndani hamkuwa na kitu cheupe hata kidogo. Mlikuwa na ungaunga mweusi, laini, unaoshika vidole. Akasema huu ni ugonjwa wa fugwe. Ni kuvu. Inaganda kwenye mbegu, unaipanda bila kujua, inaingia kwenye mche ukiwa bado udongoni na inapanda nao kimya kimya. Mche unakua vizuri tu, unaupenda, unausifu. Ukifika wakati wa kujaza punje, kuvu inakula kilichomo chote, wanga, protini, kile chakula chenyewe, inabakiza ganda na vumbi lake jeusi. Ndiyo maana masuke yale hayakuinama. Hayakuwa na cha kuyainamisha! Nami nikasimama hapo nikiyapigia saluti.

Na lile vumbi la kupura tulilolichekea lilikuwa ni kuvu yenyewe, inazipaka punje nzima zilizobaki. Ndiyo sababu unga wako ni wa kijivu, unanuka na hauumuki. Dereva wala hakupata nguvu mpya. Gunia lilikuwa jepesi.

Nikamwuliza bibi shamba kama watoto wa chekechea wamedhurika. Amesema yeye hajapata kusikia mtu aliyekufa kwa fugwe, lakini ngano namna hiyo si ya kumlisha mtu, na mtoto anayetegemea mkate kushiba atakuwa anajaza tumbo bila kupata nguvu. Nililia, sikufichi. Nililia kwa sababu nilikuambia uwape mkate mnene. Watoto wale walikuwa na akili kutushinda sote.

Sasa nisikilize. Usioke tena kwa unga huo. Fungua mashine yako ya kusaga, ioshe kila kipande, kausha juani, fagia stoo mpaka pembeni. Nenda kwa mwalimu umweleze ukweli wote. Lori likija litakuletea ngano ya shamba la chini. Mbegu yake ilitoka kwenye chama cha wakulima ikiwa imeshapakwa dawa, na bibi shamba ameikagua punje kwa punje, ni safi.

Alikuja mfanyabiashara hapa, amesikia habari zetu. Anataka kuichukua ngano ya shamba la juu aichanganye na nzuri, eti ikichanganywa haijulikani. Nilimwangalia shemeji yako, maana hasara ni ya wote wawili. Akamwambia yule bwana, "Sisi tumeshajua," akamsindikiza mpaka njiani. Kesho tunaichoma.

Na jambo la mwisho. Utaenda kwa yule mama wa samaki utamwomba radhi. Si kwa kupitia mtu. Wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Na lile boksi la mlangoni nimelisikia! Kreti nayo nimeisikia! Upole niliokulea nao uliuacha wapi?

Dada yako, ambaye naye ana barua ya kuandika na hajui aianzeje.


Dukani, tarehe 9 Septemba

Dada yangu, shikamoo, na shikamoo nyingine ya kuombea msamaha.

Nimeumbuka. Sina neno lingine.

Nilifanya yote uliyosema. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante kwa kuniambia, wengi wangenyamaza." Hakuniahidi kitu. Mashine nimeifungua mpaka skrubu ya mwisho, na kuirudisha ilinichukua siku nzima, maana skrubu moja ilibaki na sijui ni ya wapi mpaka leo. Inasaga tu.

Kisha nikaenda bombani.

Nilikuwa nimetunga hotuba. Nilifika nikakuta foleni ya wateja, nikajipanga kama mtu wa kawaida. Zamu yangu ilipofika akaniuliza, "Wa kukaanga au mbichi?" Hotuba ikaniruka yote. Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi." Akasema, "Hiyo haiko mezani." Watu wakacheka. Nikajikaza kisabuni, nikasema kwa sauti, ili wasikie wote waliosikia siku ya kreti: "Huyu mama nilimsingizia. Harufu ilikuwa kwenye ngano yangu. Nilimtoa mahali pake bila kosa, na ninaomba radhi."

Halafu akanipa kisu.

Dada, niliogopa! Kumbe ni cha kuparua magamba. Akanionyesha beseni, akasema, "Maneno umeyasema vizuri siku zote. Hebu tuone mikono." Nimeparua samaki asubuhi yote. Magamba yameniingia mpaka kwenye nyusi. Mara tatu aliniambia naparua kwa kufuata magamba badala ya kuyarudisha nyuma, na ya nne akanishika kifundo cha mkono akanielekeza.

Nilipomaliza nikamwambia nitamwendea msimamizi wa soko arudishiwe mahali pake. Akasema hataki. Hapa bombani maji yako karibu na wateja wameshazoea. Basi nikamwambia nitamjengea kibanda, maana jua linampiga. Akasema, "Unajua kujenga?" Nikasema ndiyo.

Sijui kujenga. Naomba shemeji anielekeze namna ya kufunga boriti, kwa barua, haraka.

Ngano ya shamba la chini imefika. Ni nzito! Dereva alibeba gunia moja akalalamika njia nzima. Unga umetoka mweupe, na mkate wa kwanza uliumuka mpaka ukagusa paa la tanuri. Nilikaa nikautazama tu.

Mdogo wako.


Shambani, tarehe 15 Septemba

Mama wa samaki,

Barua hii nimeichana mara nyingi. Sasa naiacha jinsi itakavyotoka.

Ulikuwa na haki, na mimi nilikuwa na mdomo. Nilikutukana bila kukujua kwa sababu ya mtu ninayempenda na ngano niliyojivunia, na vyote viwili nilikuwa nimevitazama kwa jicho la mama. Ungeweza kunijibu kwa matusi, au usijibu kabisa, na mimi ningepanda tena mbegu ileile msimu ujao, shamba zima. Bibi shamba anasema ningevuna vumbi tupu. Umeniokolea shamba, dada, ukiwa umekaa kwenye meza uliyofukuzwa nayo.

Nakutumia debe la maharage. Msimu ujao shamba la juu litapumzika kupandwa ngano, tutapanda maharage, na mbegu ya ngano tutanunua iliyopakwa dawa, hata jirani anipe bure kwa kunibembeleza.

Ndugu yangu ameniandikia kwamba anakujengea kibanda. Naomba usikae chini yake kabla mtu mwingine hajakikagua. Akikusumbua, niambie.

Dada wa mwoka mikate.


Bombani, tarehe 30 Oktoba

Dada,

Maharage ni mazuri. Nimewapa na majirani, wamekushukuru.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kazi imezidi. Umesema nikuambie kama ndugu yako ananisumbua. Nitakuambia yanayotokea, uamue mwenyewe.

Kibanda kilisimama siku mbili, kikaegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea. Tumekiegemeza kwa mti. Wateja wanakipenda, wanaelekezana kwacho: "pale kwenye kibanda kinachoinama."

Kila asubuhi akitoa mikate anapita hapa. Anasema anapita njia. Duka lake liko kaskazini mwa soko na wateja wake wako kaskazini, hapa bombani ni kusini. Sijamwuliza ni njia ya kwenda wapi.

Siku moja fundi baiskeli alikuwa na haraka. Akachukua mkate kwenye kikapu cha ndugu yako, akaupasua, akatia samaki wangu wa kukaanga katikati, akapanda baiskeli akaondoka anakula. Tukatazamana, mimi na ndugu yako. Kesho yake alirudi na wenzake wa gereji. Sasa kila mchana kuna foleni mpaka kwenye duka la vitambaa, na mwenye vitambaa amekuja kulalamika kwamba tunamharibia bidhaa kwa harufu. Ndugu yako alitaka kumjibu. Nilimwangalia tu. Akafunga mdomo, akampelekea mkate na samaki, wa bure. Yule mzee sasa ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Na mwalimu wa chekechea alichukua kikapu kimoja cha majaribio. Nilienda na ndugu yako kukipeleka kwa sababu aliogopa kwenda peke yake, mtu mzima yule. Tulisimama dirishani. Mtoto wa kwanza alinusa, akanusa tena, akauma. Kisha ikawa kimya, dada, kile kimya cha vinywa vilivyojaa. Halafu wakaanza kugonga vikombe mezani wakitaka mkate mwingine. Mwalimu akageuka dirishani akatuonyesha kikapu kitupu. Ndugu yako akaangua kicheko akiwa na machozi, akanishika bega ili asianguke.

Anaongea sana. Anaongea na samaki, anaongea na moto. Siku asipokuja pananyamaza, na mimi zamani nilikuwa napenda kimya.

Hanisumbui.

Muuza samaki.


Dukani, tarehe 18 Januari

Dada, shikamoo. Nisalimie shemeji, na pole na mgongo wako.

Nimeona nikuandikie kuhusu hamira. Nimegundua kwamba unga wa shamba la chini, kwa kuwa punje zake zimejaa, unahitaji maji zaidi kidogo, na hamira pungufu. Ukitia hamira ileile ya zamani, donge linaumuka kwa papara, halafu linashuka. Linahitaji uvumilivu. Ukilipa muda, linajishika lenyewe. Nadhani mambo mengi yako hivyo. Mtu anaweza kukaa na donge karibu naye, kila siku, akaliona linaumuka, na akaogopa kuligusa asije akaliharibu. Lakini likikaa mno nalo linachacha. Sasa mtu atajuaje wakati ndiyo huu?

Nilitaka pia kukuuliza jambo, lakini limenitoka.

Hali ya hewa ni nzuri. Kibanda kimeinama zaidi. Nilinunua shati.

Mdogo wako.

Hapa chini: Hivi wewe shemeji alikuambiaje? Siku ile. Maneno yenyewe hasa.


Shambani, tarehe 24 Januari

Mama wa samaki,

Nimepokea barua ya ndugu yangu. Ni hamira tupu, na shati.

Mimi ndiye niliyemlea. Akiwa na jambo dogo anapanda juu ya kreti. Akiwa na jambo kubwa anaongelea hali ya hewa. Siku alipotaka kuniambia anaondoka shambani kwenda kujifunza kuoka, alinieleza habari za kuku mpaka giza likaingia. Nimemsomea shemeji yake barua hiyo kwa sauti. Alisikiliza mpaka kwenye donge linalochacha, akasema, "Mwandikie yule mwanamke," akaenda kulala.

Basi nakuandikia. Shamba la juu ni kijani kitupu, maharage yametambaa mpaka njiani. Shamba la chini tumepanda ngano ya mbegu safi. Sina shida na kitu ila kimoja: tangu Agosti nakuita muuza samaki, mama wa samaki, mara dada, na kila ninaposhika kalamu naona si hilo.

Mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Hebu niambie, nikuite nani?

Dada wa mwoka mikate.


Bombani, tarehe 2 Februari

Wifi,

Barua yako ilifika asubuhi, na yeye alifika mchana, na shati. Foleni ilikuwa ndefu. Akasimama mbele ya karai akaanza kunieleza kuhusu joto la tanuri. Nikamwambia, "Baba, sema au sogea, samaki wanaungua." Akasema. Maneno yenyewe hasa sikuandikii, ni yangu.

Sikumjibu hapohapo, maana nilikuwa na mteja mkononi. Mteja ndiye aliyesema, "Dada, mkubalie, mimi nachelewa kazini." Foleni yote ikapiga makofi, na mzee wa vitambaa akakimbilia dukani kwake akarudi na kitambaa cha kijani, akanifunika nacho mabegani juu ya magamba na mafuta na yote. Nikamwambia ndugu yako ndiyo. Samaki wawili waliungua, nikawala mwenyewe, sijapata kula samaki watamu hivyo.

Nimemwambia barua hii ni zamu yangu kuiandika. Amekaa hapa kwenye kreti, anachungulia mkono wangu, na kila baada ya mstari ananiuliza, "Umefika wapi? Umeshamwambia?"

Nimemwambia nilimaliza kukuambia kwenye neno la kwanza.

Wifi yako.